Tuliokoa Sh3,000, tukapoteza mayai 120

MAMA yangu mdogo anafuga kuku wa kienyeji Dumila, wilayani Kilosa. Alfajiri moja mwaka 2019 aliamka akakuta kipimajoto cha mashine yake ya kutotoleshea vifaranga kinasoma nyuzi joto 44.

Ndani kulikuwa na mayai 120 yaliyokaa siku 14. Zilikuwa zimebaki siku saba tu. Alipovunja matatu kuangalia, vifaranga vilikuwa vimeshaumbika, na vyote vimekufa.

Akanipigia simu. Hakunigombeza. Alisema tu: "Mwanangu, kuku wangu hajawahi kupika mayai yake."

Maneno yale yaliniuma, kwa sababu mashine ile niliitafuta mimi. Niliitengenezesha kwa fundi wa redio mmoja, mzee wa makamo, Morogoro mjini. Sanduku lilikuwa la mbao, limezibwa vizuri, lina balbu nne na feni ndogo. Kazi ilipokaribia kwisha, fundi aliniomba niongeze Sh3,000 anunue rilei mpya na adapta yenye nguvu zaidi. Mimi, mchumi niliyesomea kubana gharama, nikamjibu: "Mzee, tumia hiyo hiyo uliyonayo."

Aliyokuwa nayo ilikuwa rilei ya gari.

Nikairudisha mashine kwake, tukaifungua pamoja. Alinionyesha vipande viwili vya chuma ndani ya rilei vilivyotakiwa kugusana na kuachana. Vilikuwa vimeyeyuka na kushikana. Balbu ziliwaka usiku kucha bila kitu cha kuzizima.

Tupige hesabu. Mama mdogo alikusanya mayai yale kwa majirani kwa Sh500 kila moja, yaani Sh60,000. Kama yangetotolewa kwa asilimia 70, angepata vifaranga 84. Kwa bei aliyokuwa akiuzia wakati ule ya Sh1,500, hiyo ni Sh126,000. Hapo hatujaweka umeme wa wiki mbili, wala wateja waliokuwa wameweka oda.

Sh3,000 kwa Sh126,000. Hiyo ndiyo hesabu niliyoikosea, na tangu siku ile nimejifunza kusoma namba moja ambayo wafugaji wengi, na hata baadhi ya mafundi, huipita bila kuitazama. Ni ukinzani wa koili ya rilei.

Makala haya yanaeleza namba hiyo kwa lugha ya kawaida, ili wewe unayetengenezesha mashine, au unayejaribu kuitengeneza mwenyewe, usirudie kosa langu.

Rilei ni nini?

Rilei ni swichi inayobonyezwa na sumaku badala ya kidole.

Ndani yake kuna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi kwenye kipande cha chuma. Huo mzunguko wa waya ndio koili. Umeme mdogo ukipita kwenye koili, chuma kinakuwa sumaku, kinavuta kibati, na kibati kinaunganisha kontakti zinazopitisha umeme mkubwa wa balbu. Umeme mdogo ukikatika, springi inarudisha kibati na balbu zinazimika.

Kwa hiyo rilei ina sehemu mbili ambazo hazigusani kwa umeme. Upande wa koili unatumia volti chache, kwa mfano 5 au 12. Upande wa kontakti unabeba volti 230 za nyumbani.

Kwenye mashine ya vifaranga, kitambuzi cha joto kinaiarifu saketi kwamba joto limeshuka chini ya nyuzi 37.5. Saketi inapeleka umeme kwenye koili, rilei inaita "tak", balbu zinawaka. Joto likifika, rilei inaachia.

Kazi hiyo inarudiwa maelfu ya mara katika siku 21. Rilei ikichoka siku ya 14, hakuna wa kuipokea zamu.

Namba mbili zinazochanganya watu

Ukienda dukani ukaomba rilei, muuzaji atakuuliza: "Ya volti ngapi?" Utamjibu 12. Atakupa. Mara nyingi biashara inaishia hapo.

Ukiitazama utaona imeandikwa pia "10A 250VAC". Wengi hudhani namba hiyo ndiyo nguvu ya rilei nzima. Sivyo. Hiyo ni nguvu ya kontakti, yaani mkondo unaoweza kupita kwenda kwenye balbu. Haikuambii chochote kuhusu koili inakula umeme kiasi gani.

Umeme unaoliwa na koili unajulikana kwa ukinzani wake, unaopimwa kwa omu. Kwenye rilei nyingi ndogo namba hiyo haikuandikwa juu ya ganda. Unaipata kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, au unaipima mwenyewe kwa mita.

Kanuni ni ile ile tuliyofundishwa sekondari. Chukua volti, gawa kwa omu, unapata ampea. Zidisha kwa 1,000 upate miliampea.

Tuichukue rilei ndogo ya mraba, ya rangi ya buluu, iliyojaa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Aina yake ya volti 12 inayotumia umeme kidogo ina koili ya omu 400. Gawa 12 kwa 400 unapata ampea 0.03, yaani miliampea 30. Ndugu yake wa kawaida, mwenye sura ile ile na volti 12 zile zile, ana omu 320. Huyo anakula miliampea 37.5.

Sasa ichukue rilei ya gari ya volti 12. Koili yake huwa kati ya omu 80 na 100 hivi. Ile ya mama mdogo tuliipima ikasoma omu 85. Gawa 12 kwa 85 unapata miliampea 141.

Zote tatu ni za volti 12. Lakini ya tatu inakula umeme karibu mara tano ya ile ya kwanza.

Rilei ya gari haina kosa. Imetengenezwa kukaa kando ya betri kubwa inayoweza kutoa mamia ya ampea bila kutikisika. Kosa ni kuifunga kwenye saketi ndogo inayolishwa na adapta ya redio.

Tena kuna hatari nyingine. Kontakti za rilei ya gari zimekusudiwa volti 12 au 24 za gari, siyo volti 230 za nyumbani. Nafasi kati ya koili na kontakti haikupangwa kuzuia umeme wa nyumbani usivuke. Mtu anayegusa upande wa volti 12 akidhani ni salama anaweza kupigwa na umeme mkubwa. Hata kama mayai yangepona, mashine ile ilikuwa mtego kwa mama mdogo.

Kilichotokea usiku ule

Adapta tuliyotumia ilikuwa ya volti 12, miliampea 100. Rilei ilitaka 141.

Rilei ilipovuta, adapta ilizidiwa na volti zikashuka. Volti ziliposhuka, saketi ya kupima joto ikadanganyika, ikadhani joto limefika, ikaachia. Mzigo ulipoondoka, volti zikapanda, saketi ikaona baridi, ikavuta tena. Tak, tak, tak, mara kadhaa kwa sekunde.

Mama mdogo alikumbuka kwamba usiku alisikia mashine "inatafuna". Alidhani ni panya.

Kila kontakti zinapogusana na kuachana zikiwa na mzigo, cheche ndogo hutokea. Balbu za waya ni mzigo mbaya zaidi, kwa sababu waya wake ukiwa baridi huvuta mkondo unaofika hata mara kumi ya ule wa kawaida kwa muda mfupi kabla haujapata moto. Balbu nne za wati 60 ni wati 240, karibu ampea moja zikishawaka. Lakini kwa kufumba na kufumbua, wakati wa kuwaka, zinaweza kuvuta ampea kumi.

Cheche za namna hiyo, mara kadhaa kwa sekunde, usiku kucha, zinachomelea chuma kama fundi wa mageti. Kontakti zikashikana. Hata saketi ilipoacha kuvuta, balbu hazikuzimika.

Anayeisukuma koili ni nani?

Adapta ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni kile kifaa kinachofungua na kufunga umeme wa koili, ambacho mara nyingi ni transista.

Hapa ndipo ukinzani wa koili unapoamua kama saketi itaishi au itakufa. Kila kifaa kina kikomo cha mkondo. Transista ndogo ya BC547, ambayo mafundi wengi wanayo kwenye kopo, kikomo chake ni miliampea 100. Ukiifungia koili ya omu 85, unaitaka ibebe 141. Itapata moto, na ikiharibika mara nyingi hubaki imefunga, yaani inapitisha umeme muda wote. Matokeo ni yale yale: balbu hazizimiki.

Chipu ya LM393, inayolinganisha volti za kitambuzi na volti za joto unalolitaka, ni dhaifu zaidi. Kwa kawaida inameza miliampea 16 hivi, na mtengenezaji anakuhakikishia 6 tu. Haiwezi kuvuta hata ile rilei ya omu 400 yenyewe. Lazima uiwekee transista katikati. Vivyo hivyo mguu mmoja wa bodi ya Arduino Uno, ambayo vijana wengi wa vyuo sasa wanaitumia. Kikomo chake cha mwisho ni miliampea 40, na inashauriwa usipite 20.

Chipu ya 555 inaweza kubeba hadi miliampea 200. Transista ya BC337 inabeba mia kadhaa. Chipu ya ULN2003 inabeba hadi 500 kwa kila mguu. Hizi zina mabega mapana.

Fundi mzuri hampakii punda mzigo wa mwisho anaouweza. Mimi sasa natumia kanuni ya nusu: nisitumie zaidi ya nusu ya kikomo kilichoandikwa.

Tufanye mfano mmoja hadi mwisho. Una BC547. Nusu ya 100 ni miliampea 50. Umeme wako ni volti 12. Gawa 12 kwa 0.05 unapata omu 240. Hiyo ndiyo sakafu yako. Koili yoyote ya volti 12 yenye omu 240 kwenda juu inafaa. Ya omu 320 inafaa. Ya omu 400 inafaa zaidi. Ya gari, omu 85, iache kwenye gari.

Kama unatumia betri inayochajiwa na sola, usigawe 12. Betri ya risasi ikiwa inachajiwa inaweza kufika volti 14.4. Gawa 14.4 kwa 0.05 unapata omu 288. Sakafu imepanda, lakini omu 320 na 400 bado zinapita.

Basi si kutafuta omu nyingi kupita kiasi?

Hapana. Msomaji mmoja anaweza kusema, kama omu nyingi zinaokoa umeme, nitanunua rilei ya volti 24 yenye omu 1,600. Itakula miliampea 7.5 tu kwenye volti 12. Rahisi!

Rahisi, lakini haitavuta. Kila rilei ina volti za chini za kuvutia, na kwa rilei hizi ndogo ni hadi asilimia 75 ya volti zake. Ya volti 12 inahitaji hadi volti 9. Ya volti 24 inahitaji hadi 18. Ukiipa 12 itakaa kimya, na mayai yatapoa.

Kinyume chake nacho ni hasara. Rilei ya volti 5 ina koili ya omu 70 hivi. Ukiipa volti 12 itakula miliampea 171, na joto ndani yake litafika wati mbili badala ya 0.36 iliyokusudiwa. Ni karibu mara sita. Ganda litalainika na koili itaungua.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: kwanza volti za koili zilingane na volti za saketi yako. Kisha, katika rilei za volti hizo, chagua yenye omu zinazotosha ili transista na adapta vipumue.

Je, kama duka la wilayani kwenu lina rilei za volti 6 tu, zenye omu 100? Unaweza kuifunga kwenye volti 12 kwa kuweka rezista ya omu 100 mbele yake. Volti zitagawanyika sawa, sita kwa sita. Mkondo utakuwa miliampea 60. Rezista hiyo itakuwa inachoma wati 0.36, kwa hiyo weka ya wati moja, siyo ile nyembamba ya robo wati. Hapo BC547 imevuka nusu ya kikomo chake, kwa hiyo tumia BC337. Njia hii inafanya kazi, lakini nusu ya umeme unaulipia kupasha rezista joto. Ni dawa ya dharura.

Angalizo moja: hesabu hizi ni za rilei zenye koili ya umeme wa betri, yaani zilizoandikwa VDC. Zipo rilei ambazo koili yake inatumia moja kwa moja volti 230 za nyumbani. Kwa hizo, omu unazosoma kwenye mita hazitoshi kukupa mkondo, kwa sababu sumaku yenyewe inaupunguza. Kwa hizo fuata maandishi ya mtengenezaji.

Usiiweke ndani ya sanduku

Mashine nyingi nilizoziona zina bodi ya saketi iliyopigiliwa ndani, pembeni ya trei za mayai. Ni makosa.

Shaba ikipata joto, ukinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Ukitoka nyuzi 20 hadi 38, koili ya omu 400 inakuwa omu 428. Mkondo unapungua, sumaku inalegea, na volti za kuvutia zinapanda kutoka 9 hadi karibu 9.6, kabla hujahesabu joto ambalo koili yenyewe inajipatia. Betri ikiwa imechoka, rilei inaweza kusita.

Isitoshe, ndani ya mashine kuna unyevu wa asilimia 50 hadi 55, na siku tatu za mwisho tunaupandisha hadi 65 na zaidi. Unyevu na kontakti havipatani. Weka bodi nje, kwenye kasha lake lenye matundu, ingiza ndani kitambuzi tu.

Kwa wanaotumia sola

Hapa mchumi aruhusiwe kusema kidogo. Koili ya omu 400 inakula wati 0.36. Ya gari ya omu 90 inakula wati 1.6. Kwenye mashine yenye balbu za wati 240, tofauti hiyo haionekani kwenye bili. Usinunue rilei ya bei mbaya kwa ajili ya kuokoa umeme pale.

Lakini fikiria taa ya usiku ya banda la kuku, LED ya wati 3, inayowashwa na rilei giza likiingia hadi asubuhi. Kwa saa 12 taa inakula wati-saa 36. Rilei ya gari peke yake itakula zaidi ya 19. Yaani unaichosha betri kwa zaidi ya nusu ya mzigo wa taa ili kushikilia swichi tu. Ile ya omu 400 inakula wati-saa 4.3. Kwa mwenye paneli ndogo, hiyo ndiyo tofauti ya taa inayofika alfajiri na inayozimika saa tisa usiku.

Wa sola pia wachague ile ya omu 400 kwa sababu nyingine. Aina hiyo inavumilia hadi asilimia 120 ya volti zake, ambayo ni 14.4. Ile ya omu 320 inavumilia asilimia 110, yaani 13.2. Betri ikichajiwa mchana wa jua kali inapita hapo.

Hatua za kufuata dukani na kwa fundi

Kwanza, jua volti za saketi yako, na kama ni betri jua kiwango chake cha juu na cha chini.

Pili, muulize fundi anatumia transista au chipu gani kuvuta rilei. Asipokujibu, huyo hajapiga hesabu. Chukua nusu ya kikomo chake, gawa volti kwa mkondo huo, upate omu za chini unazozikubali.

Tatu, nenda na mita dukani. Iweke kwenye kipimo cha omu 2,000, gusa miguu miwili ya koili. Kwenye rilei ndogo yenye miguu mitano, jozi inayosoma mamia ya omu, au makumi kwa zile za volti 5, ndiyo koili. Jozi nyingine zitasoma karibu sifuri au hazitasoma kabisa, hizo ni kontakti. Kama hakuna jozi yoyote inayosoma omu za koili, waya wa koili umekatika, rudisha. Chukua pia akiba moja, iwe ndani ya nyumba.

Nne, jumlisha mkondo wa koili na wa saketi yote, kisha nunua adapta yenye uwezo mara mbili. Kwa koili ya miliampea 30 na saketi ya 20, jumla 50, adapta ya 100 inatosha. Ya 500 ni bora na bei haitofautiani sana.

Tano, hakikisha kuna dayodi iliyofungwa sambamba na koili, mstari wake ukielekea upande wa chanya. 1N4007 inatosha. Koili ikikatiwa umeme hurusha nyuma volti nyingi kwa ghafla, kama maji yanavyopiga bomba ukifunga koki kwa nguvu. Dayodi inazipokea. Bila hiyo, transista inapigwa kila rilei inapoachia hadi ife.

Sita, kontakti ziwe za ampea 10, volti 250, hata kama balbu zako zinakula ampea moja, kwa sababu ya ule mvuto wa mwanzo niliouelezea. Na uunge balbu kwenye mguu ule ambao uko wazi rilei ikiwa imelala. Koili ikiungua au adapta ikifa, balbu zizimike. Kiinitete kinaweza kuvumilia saa chache za kupoa, lakini nyuzi 40 na kuendelea kwa saa kadhaa ni kaburi lake.

Saba, mwambie fundi aweke pengo kidogo kati ya joto la kuwasha na la kuzima. Rilei hizi kwa kawaida huhesabiwa kuishi mara 100,000 zikiwa na mzigo kamili. Ikiita mara moja kila dakika, ni mara 1,440 kwa siku. Baada ya siku 69, yaani mizunguko mitatu ya mayai na ushee, imefika ukingoni. Ikiita kila dakika tano, inakwenda karibu mwaka mzima. Rilei ni kama tairi: ina maisha yake, na mfanyabiashara anaihesabu kwenye gharama kabla haijapasuka.

Na kazi yoyote ya kufungua kasha, chomoa kwanza plagi ya ukutani.

Ulinzi wa pili

Hata rilei bora hufa. Kwa hiyo mashine inayobeba mtaji wa watu iwe na kinga ya pili: swichi ya joto inayojitegemea, iliyounganishwa kwenye njia hiyo hiyo ya balbu, iliyopangwa kukata joto likifika nyuzi 39. Kontakti za rilei zikishikana, swichi hiyo inakata.

Mama mdogo sasa ana mashine hiyo hiyo ya mbao. Fundi yule yule aliitengeneza upya: rilei ya omu 400, transista ya BC337, dayodi, adapta ya miliampea 500, swichi ya pili ya joto. Bodi iko nje. Safari hii sikubishana bei. Nilimwomba tu anipimie koili nikiwa naangalia, akacheka, akanipa mita nipime mwenyewe.

Mzunguko uliofuata, kati ya mayai 120 walitoka vifaranga 81.

Mara ya mwisho nilipomtembelea, mama mdogo alinionyesha ukutani, juu ya mashine, kipande cha boksi alichokibandika. Ameandika kwa kalamu nyekundu: "Ikitafuna, siyo panya. Zima, piga simu."

Nami namshauri kila anayemiliki mashine ya namna hii aandike hivyo hivyo. Na kabla ya kuingiza mayai, amuulize fundi swali moja tu: koili ya rilei hii ina omu ngapi?

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.